Maswali na Majibu: Nakala ya tofauti inayotokana na logi za miamala

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka Tanga mjini na wilaya za jirani, na karibu zote zinagusa jambo moja, yaani namna ya kuihifadhi hifadhidata inayobadilika mchana kutwa bila kuilemea seva na bila kuzidiwa na muda siku ya kurejesha. Nimeipa barua ya kwanza nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu imeuliza swali ambalo majibu ya barua zilizobaki yanalitegemea.

SWALI

Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mtunza kompyuta katika chama cha akiba na mikopo hapa Chumbageni, na tuna matawi Muheza na Korogwe. Tunatumia PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, na hifadhidata yetu imefika gigabaiti 40 hivi. Kila Jumapili tunachukua nakala kamili, na siku nyingine tunahifadhi logi za miamala tu. Nilijaribu kurejesha kwenye kompyuta ya majaribio kwa nakala ya Jumapili pamoja na logi za mpaka Ijumaa, na kazi hiyo ilichukua muda ambao wanachama wasingeweza kuuvumilia kama ingekuwa ajali ya kweli. Kuchukua nakala kamili kila usiku hatuwezi, kwa maana seva inaelemewa na diski haitoshi. Kwa kuwa kila badiliko limo ndani ya logi, je, siwezi kuzichukua logi za wiki na kuziunda ziwe nakala moja ya tofauti, yaani yenye yaliyobadilika tangu Jumapili tu, pasipo kuigusa seva kuu?

Mtunza kompyuta, Chumbageni, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Unaweza, na tangu toleo la 17 la PostgreSQL lilipotoka mwezi Septemba 2024 njia yake imo ndani ya programu yenyewe. Hata hivyo nakuomba uvumilie maelezo kidogo kabla ya amri, maana mtu akizijua amri bila kujua logi inabeba nini hasa, ataunda nakala ambayo siku ya haja haitafunguka.

Fikiria karani wa ghala la mkonge mwenye vitabu viwili. Katika kitabu cha siku anaandika kila robota linaloingia na linalotoka, kwa saa na kwa mfuatano. Katika leja kila mteja ana ukurasa wake wenye salio la sasa. Logi ya miamala ni kile kitabu cha siku, na faili za hifadhidata ndizo leja. Nakala ya tofauti haina haja ya kusimulia kila robota lililopita mlangoni. Inahitaji tu kurasa za leja ambazo salio lake halifanani tena na lile la Jumapili. Ukurasa uliobadilika mara mia tatu katika wiki huingia katika nakala ya tofauti mara moja tu.

Hapo ndipo faida ilipo, na ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Ukurasa wa PostgreSQL kwa kawaida una kilobaiti 8. Ili kujikinga na ukurasa ulioandikwa nusu pindi umeme unapokatika, PostgreSQL huuweka ukurasa mzima ndani ya logi mara ya kwanza unapoguswa baada ya kila chekipointi, yaani kila baada ya ule wakati ambapo mabadiliko yote yaliyo kwenye kumbukumbu hushushwa kwenye diski. Mpangilio wa kawaida ni chekipointi moja kila dakika 5. Katika saa 8 za kazi zinapatikana chekipointi 96, hivyo ukurasa mmoja wenye shughuli nyingi, kama ule unaobeba salio la akaunti kuu ya chama, unaweza kuandikwa mzima mara 96 kwa siku, nayo ni kilobaiti 768, bila kuhesabu maandishi madogo madogo ya kila muamala. Ndani ya nakala ya tofauti ukurasa huo unabaki kilobaiti 8, iwe umepita siku moja au sita. Ndiyo maana jaribio lako lilichukua muda mrefu: kompyuta ilikuwa inarudia historia yote ya wiki, hatua kwa hatua, ilhali ulichokihitaji ni hali ya mwisho.

Sasa tuje kwenye neno lako kwamba kila badiliko limo ndani ya logi. Ni kweli, lakini logi inakupa mambo mawili ambayo hayalingani kwa nguvu. Jambo la kwanza ni orodha ya kurasa zilizoguswa, na hilo logi inalijua kwa uhakika. Jambo la pili ni sura ya mwisho ya kila ukurasa, na hapo logi peke yake haitoshi, kwa sababu maandishi yake mengi husema tu kwamba mahali fulani katika ukurasa fulani pameongezwa au pamefutwa kitu fulani. Maandishi ya namna hiyo hayana maana mpaka uwe na ukurasa wenyewe kama ulivyokuwa kabla yake. Kwa hiyo hakuna nakala ya tofauti inayoundwa kwa logi tupu. Lazima pawepo mahali ambapo kurasa za zamani zipo na logi zinatekelezwa juu yake. Mahali hapo panaweza kuwa seva kuu yenyewe, ambayo imekwisha kufanya kazi hiyo, au seva ya pili inayoifuata ya kwanza kwa kula logi zake. Wewe umesema hutaki kuigusa seva kuu, basi jibu lako ni seva ya pili, nami nitaiita seva mfuasi.

Seva mfuasi haihitaji kuwa mashine ya fahari. Inahitaji diski ya kutosha hifadhidata nzima pamoja na nakala, toleo kuu lilelile la PostgreSQL, na mfumo wa uendeshaji wa jamii ileile. Iwashe kutokana na nakala kamili, kisha ielekeze ipokee logi kutoka seva kuu moja kwa moja au izisome kutoka ghala la logi unalolitunza tayari. Halafu, ndani ya seva mfuasi, washa mpangilio unaoitwa summarize_wal. Kuanzia hapo mchakato mmoja utakuwa unazisoma logi zinavyoingia na kuandika mihtasari midogo inayotaja kila faili na kila ukurasa ulioguswa, bila kubeba maudhui ya kurasa hizo. Mihtasari hiyo ndiyo ile orodha niliyoitaja, na ni myepesi mno ukiilinganisha na logi zenyewe. Mpangilio wa wal_level, unaoamua logi iandike kiasi gani, usiwe minimal, jambo ambalo kwako halina shaka, kwa kuwa mnahifadhi logi tayari.

Zingatia mpangilio wa kazi. Washa mihtasari kwanza, kisha ndipo uchukue nakala kamili ya Jumapili kwa pg_basebackup, programu ya PostgreSQL ya kuchukua nakala, kutoka seva mfuasi. Ukigeuza, huenda nakala kamili ikaanzia mahali katika logi ambapo mihtasari haijafika, na nakala ya tofauti itakataliwa. Pamoja na nakala kamili utapata faili iitwayo backup_manifest, yenye orodha ya faili zote na alama za kuzihakiki. Itunze kama unavyotunza nakala yenyewe. Jumatatu usiku endesha tena pg_basebackup pamoja na chaguo la --incremental, ukiielekeza kwenye backup_manifest ya Jumapili. Seva itaisoma mihtasari tangu Jumapili, itajua kurasa zipi zimeguswa, na itanakili hizo tu.

Jumanne una njia mbili, na uchaguzi huu ndio unaotenganisha nakala ya tofauti na nakala ya nyongeza. Ukielekeza tena kwenye backup_manifest ya Jumapili, utapata mabadiliko yote tangu Jumapili, na nakala ya Jumatatu haitahitajika tena. Ukielekeza kwenye ile ya Jumatatu, utapata mabadiliko ya siku moja tu. Nakala itakuwa ndogo zaidi, lakini itakufa pamoja na nakala ya Jumatatu iwapo hiyo itaharibika. Kwa chama chenye mtunza kompyuta mmoja na diski za kawaida ninapendelea njia ya kwanza bila kusita. Nafasi ya diski inayopotea kwa kurudia kurasa zilezile ni bei ndogo kwa kujua kwamba urejeshaji wa siku yoyote unategemea vitu viwili, yaani nakala ya Jumapili na nakala ya jana.

Kuna mpangilio mmoja unaowanasa watu. Mihtasari hufutwa yenyewe baada ya muda uliowekwa katika wal_summary_keep_time, nao kwa kawaida ni siku 10. Kwa mzunguko wako wa wiki moja muda huo unatosha, japo kwa ziada ya siku chache tu. Siku mtakayoamua kuchukua nakala kamili mara moja kwa mwezi, urefushe kwanza, maana mihtasari ikiwa na pengo lolote kati ya nakala kamili na usiku wa leo, nakala ya tofauti haiwezi kuundwa.

Siku ya kurejesha, usiifungulie hifadhidata moja kwa moja kwenye nakala ya tofauti. Programu ya pg_combinebackup inapokea nakala kamili na nakala ya tofauti, kwa mfuatano huo, na kuzalisha nakala kamili mpya katika folda nyingine. Kabla ya kuziunganisha, hakiki kila moja kwa pg_verifybackup, kwa sababu pg_combinebackup huangalia kama nakala ulizotaja ni za mnyororo mmoja, lakini haichunguzi uzima wa kila faili. Nakala iliyozalishwa nayo bado inahitaji logi zilizoandikwa wakati ilipokuwa inachukuliwa, na ukitaka kufika saa 9 alasiri ya siku ya ajali, utahitaji pia logi zote tangu usiku uliotangulia. Usidhani, basi, kwamba nakala ya tofauti inakupa ruhusa ya kuacha kuhifadhi logi. Nakala ya tofauti inafupisha muda wa kurejesha. Logi zinapunguza kiasi cha miamala kitakachopotea. Chama cha fedha kinahitaji vyote viwili.

Yapo mambo ambayo logi haiyabebi, na ni haki uyajue. Jedwali lililoundwa kwa neno UNLOGGED, kama ambavyo baadhi ya watengenezaji wa programu hufanya ili kuongeza kasi, haliandikwi katika logi kabisa, na maudhui yake hayamo katika nakala ya aina hii. Kagua kama mfumo wenu una jedwali la namna hiyo, na kama linabeba kitu cha kudumu, mtake mtengenezaji alibadilishe. Faili zinazotunza ramani ya nafasi tupu nazo haziandikwi kikamilifu katika logi, lakini hizo PostgreSQL inazinakili nzima kila mara, hivyo hazikuhusu.

Ikiwa bado mpo katika toleo la chini ya 17 na hamwezi kuhama mwaka huu, ipo programu ya pg_probackup yenye namna ya kazi iitwayo PAGE, ambayo husoma logi zilizohifadhiwa tangu nakala iliyotangulia na kutoka humo kujua kurasa za kunakili. Wazo ni lilelile. Ila ghala la logi lisiwe na pengo hata la faili moja.

Neno la mwisho kwako ni juu ya ukubwa wa ghala hilo. Faili moja ya logi ya PostgreSQL ni megabaiti 16. Nimeona ofisi zikiweka archive_timeout, yaani muda wa kuifunga faili ya logi hata kama haijajaa, ya dakika 5 ili logi zisafirishwe mapema, nalo ni jambo jema, lakini kwa saa 24 zenye shughuli za hapa na pale hiyo inaweza kufika faili 288, yaani megabaiti 4,608, hata kama miamala ilikuwa michache. Sehemu iliyobaki tupu katika faili hizo hujazwa sifuri, hivyo zikigandamizwa hupungua sana. Zigandamize kabla ya kuzituma Korogwe, ama bando la mwezi litaisha kwa kusafirisha sifuri.

SWALI

Ndugu Mhariri, ofisi yetu ya uwakala wa forodha ipo karibu na bandari ya Tanga, nasi tunatumia SQL Server. Tunachukua nakala kamili Jumapili, nakala ya tofauti kila usiku, na nakala za logi kila nusu saa. Jumatano mchana fundi kutoka nje alikuja kurekebisha programu, akachukua nakala kamili kwenye flashi yake, akaondoka nayo. Ijumaa diski iliharibika, na tulipojaribu kuweka nakala ya tofauti ya Alhamisi juu ya nakala kamili ya Jumapili, ilikataliwa. Je, tunaweza kuziunganisha nakala za logi za wiki nzima ziwe nakala ya tofauti iliyo sahihi?

Wakala wa forodha, Tanga

JIBU

Ndugu msomaji, nakupa pole, na nakupa habari njema kabla ya maelezo: kama nakala za logi tangu Jumapili zipo zote, data yenu ipo yote mpaka nusu saa ya mwisho.

SQL Server haiundi nakala ya tofauti kutokana na logi, wala haina amri ya kuunganisha nakala za logi ziwe kitu kimoja. Nakala yake ya tofauti inatoka katika hifadhidata yenyewe. Kurasa zake za kilobaiti 8 zimepangwa katika mafungu ya kurasa nane, yaani kilobaiti 64, na ndani ya faili zipo kurasa maalumu za ramani ambazo huwasha alama moja kwa kila fungu lililobadilika tangu nakala kamili iliyopita. Ukurasa mmoja wa ramani unasimamia karibu mafungu 64,000, takriban gigabaiti 4. Wakati wa kuchukua nakala ya tofauti, SQL Server inasoma ramani na kunakili mafungu yenye alama. Nakala kamili inapochukuliwa, alama zote huzimwa na kuanza upya. Fundi wenu alipochukua nakala kamili Jumatano, alama zilizimwa, na kuanzia hapo kila nakala ya tofauti ilikuwa inahesabu kutoka kwenye nakala iliyo katika flashi yake. Ya Alhamisi ni nzima, ila msingi wake ameondoka nao yeye.

Nakala za logi hazikuathiriwa. Nakala kamili haikati mnyororo wa logi, kwa sababu kila nakala ya logi inaanzia pale iliyotangulia ilipoishia, kwa namba ya mfuatano, bila kujali nakala kamili ngapi zimechukuliwa katikati. Rejesheni basi nakala kamili ya Jumapili kwa WITH NORECOVERY, kisha nakala ya tofauti ya Jumanne usiku, ambayo bado ni ya msingi wa Jumapili, nayo kwa WITH NORECOVERY, kisha nakala zote za logi zilizofuata kwa mfuatano wake, na mwisho kabisa mmalize kwa WITH RECOVERY. Kama faili ya logi ilikuwa kwenye diski nyingine iliyosalimika, chukueni kwanza mkia wa logi, yaani sehemu yake ya mwisho ambayo haijanakiliwa, kwa BACKUP LOG pamoja na NO_TRUNCATE, na huenda msipoteze hata ile nusu saa.

Neno NORECOVERY lina uzito, na nakusihi ulielewe. Kurejesha kuna sehemu mbili: kwanza kurudia kila kilichoandikwa katika logi, kisha kufuta kazi ya miamala ambayo haikuwahi kuthibitishwa. Sehemu ya pili ikifanyika mapema, hifadhidata inaanza historia yake yenyewe, na nakala ya logi inayofuata haiwezi tena kuwekwa juu yake. Ndiyo maana hifadhidata inaachwa katika hali ya kusubiri mpaka nakala ya mwisho. Kanuni hii ya kurudia kwanza na kufuta baadaye imewekwa wazi katika mbinu ya ARIES, iliyochapishwa na watafiti wa IBM mwaka 1992, na hifadhidata nyingi za leo zinaifuata kwa sura moja au nyingine.

Kwa siku zijazo fanyeni mambo mawili. La kwanza, mtu yeyote anayehitaji nakala kamili nje ya ratiba aichukue kwa chaguo la COPY_ONLY, ambalo lipo tangu SQL Server 2005 na halizigusi alama za ramani. La pili, kama kasi ya kurejesha inawasumbua, wekeni seva ya pili inayopokea nakala za logi na kuziweka mara moja kwa NORECOVERY au STANDBY, ambayo huruhusu kusoma tu. Seva hiyo haiwezi kuchukuliwa nakala ikiwa katika hali hiyo, na ukiifungua kwa RECOVERY ili uichukue, nakala yake itakuwa tawi jipya lisilopokea tena logi za seva kuu. Kwa hiyo msiitazame kama kiwanda cha nakala. Itazameni kama hifadhidata iliyokwisha kurejeshwa nusu, inayongoja amri ya mwisho. Kwa ofisi ambayo meli ikitia nanga lazima hati zitoke, hilo lina thamani kuliko nakala yoyote ya tofauti.

SWALI

Kaka, hoteli yetu ndogo ya Raskazone ina MySQL. Nimesikia binlog ni sawa na logi ya miamala. Nikizikusanya za mwezi, je, zinatosha kuwa nakala ya tofauti?

Msimamizi wa mapokezi, Tanga

JIBU

Dada yangu, binlog inasimulia mabadiliko ya safu za jedwali, wala haitaji kurasa za faili. Kwa hiyo huwezi kutoka kwenye binlog ukapata orodha ya kurasa zilizobadilika kama inavyowezekana katika PostgreSQL. Logi inayojua kurasa ni ile ya ndani ya InnoDB, sehemu ya MySQL inayotunza data yenyewe, na hiyo huzunguka na kujifutia yenyewe, hivyo si ya kuhifadhiwa kwa mwezi.

Binlog zinatosha kurejesha, kwa kuziweka juu ya nakala kamili kupitia mysqlbinlog, mradi zipo zote. Katika MySQL 8.0 hufutwa baada ya siku 30 kwa mpangilio wa kawaida; ukichukua nakala kamili mara moja kwa mwezi, siku ikichelewa utakuwa na pengo. Hakikisha pia binlog_format ni ROW, kwa sababu namna ya STATEMENT inaandika amri badala ya matokeo, na amri yenye kutegemea mpangilio wa safu au jina la seva inaweza kutoa jibu tofauti inaporudiwa.

Ukitaka nakala ndogo za kila usiku, programu ya Percona XtraBackup husoma namba ya mfuatano iliyoandikwa katika kila ukurasa wa kilobaiti 16 na kunakili kurasa zenye namba iliyo juu ya ile ya nakala iliyopita. Kazi hiyo inaisoma diski nzima hata kama kilichobadilika ni kidogo, lakini kwa hoteli yenye vyumba vichache haitasikika. Unapoziandaa nakala hizo kwa kurejesha, tumia --apply-log-only kwa kila moja isipokuwa ya mwisho, kwa sababu ileile niliyomweleza wakala wa forodha juu ya NORECOVERY.

SWALI

Mhariri, zahanati yetu ya Ngamiani ilimfutia mgonjwa mmoja kumbukumbu zake kwa ombi lake. Je, zimefutika pia katika logi na nakala?

Mhudumu wa kumbukumbu, Ngamiani

JIBU

Hapana. Ufutaji nao ni badiliko, na logi inaliandika baada ya yale yaliyotangulia bila kuyaondoa. Nakala kamili ya wiki iliyopita bado inamwonyesha mgonjwa huyo kama alivyokuwa, na logi za siku alizohudumiwa bado zinabeba maandishi yake. Msijaribu kuhariri logi ili kumwondoa, kwa maana mtakata mnyororo na kupoteza uwezo wa kurejesha wagonjwa wote. Linalowezekana ni kuweka muda maalumu wa kutunza nakala na logi na kuufuata bila ubaguzi, kuzisimba zote kabla hazijatoka nje ya jengo, na kuweka daftari la maombi ya ufutaji ili kama mtarejesha nakala ya zamani, ufutaji huo urudiwe kabla mfumo haujafunguliwa kwa watumishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawahusu na ninyi, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile inazozitaka zilindwe kwa uangalifu zaidi. Mkimjibu mgonjwa, mwelezeni ukweli huu pamoja na tarehe ambayo nakala ya mwisho yenye jina lake itafutwa.

SWALI

Nitajuaje kwamba nakala iliyoundwa kwa njia hizi ni sahihi, ikiwa haikutoka moja kwa moja katika seva kuu?

Mwanafunzi wa kompyuta, Tanga

JIBU

Mwanangu, kuna ngazi tatu za uhakika, na wengi husimama katika ya kwanza. Ngazi ya kwanza ni kuhakiki faili: pg_verifybackup kwa PostgreSQL, au RESTORE VERIFYONLY kwa SQL Server. Hizi zinakuambia kwamba faili hazikuharibika tangu zilipoandikwa, lakini hazikuambii kwamba kilichoandikwa kilikuwa sahihi. Ngazi ya pili ni kurejesha kweli katika mashine nyingine, kisha kuendesha pg_amcheck au DBCC CHECKDB ndani ya hifadhidata iliyorejeshwa, ili kujua kama kurasa na faharasa zake zinakubaliana.

Ngazi ya tatu ndiyo ninayoiamini zaidi kwa nakala iliyoundwa kupitia seva mfuasi. Kila usiku, kabla ya kazi ya nakala, seva kuu iandike katika jedwali dogo muda uliopo, idadi ya miamala ya siku, na jumla ya salio la akaunti zote. Maandishi hayo yatapita katika logi kama badiliko lolote, yataingia katika seva mfuasi, na yatanakiliwa. Ukirejesha, hesabu upya jumla ya salio za usiku ule kutoka majedwali yenyewe na ulinganishe na ile iliyoandikwa. Zikitofautiana hata kwa shilingi moja, mnyororo una pengo au kuna jedwali lisilopita katika logi, na sasa unajua usiku wa kuanzia kutafuta. Kazi hiyo ifanyike kila mwezi, na ifanywe kwa zamu na mtu ambaye hakuandika ratiba ya nakala, akiwa na maelekezo yaliyoandikwa tu mkononi. Pale atakapokwama ndipo maelekezo yanapohitaji kusahihishwa.